Hati Mbili za Moto wa Uani

Mpwa wangu, aliyenunua nyumba ya mbao katika mashamba ya kaskazini mwa Jimbo la New York, aliniletea mwanzoni mwa majira haya ya baridi nakala ya barua ya kampuni yake ya bima, barua fupi yenye lugha ya adabu na maana kali: kwamba katika picha zilizopigwa kutoka angani kumeonekana nyuma ya nyumba kibanda cha bati chenye dohani, kwamba kampuni inakisia kuwa kibanda hicho ni boila la kuni, kwamba boila hilo halikutajwa popote katika maombi ya bima, na kwamba asipoleta maelezo, vipimo, picha na nakala ya kibali, mkataba utakapokwisha hautafanywa upya. "Mjomba, shikamoo," aliniandikia chini ya nakala hiyo. "Boila nimelikuta na nyumba. Siku ya kununua hakuna aliyeniuliza habari zake. Sasa wananidai kibali cha kitu ambacho sikukijenga mimi?"

Barua ile imeniamshia kumbukumbu za miaka niliyokaa Vermont, nikifundisha hesabu katika skuli moja ya milimani kusini mwa jimbo hilo, pamoja na mke wangu na watoto wetu, katika nyumba ambayo moto wake wa kuipasha joto uliwaka nje, uani, wala si ndani. Niliyojifunza pale juu ya moto, bima na kibali naona yamfaa mpwa wangu, na yawafaa wengi katika watu wetu ambao, baada ya kuhamia Maine, Vermont, New York au Minnesota na kupanga miaka mingi mijini, sasa wananunua nyumba za mashambani ambako mafuta ni ghali na kuni ziko tele.

Mtu aliyezaliwa Mombasa huidhania baridi kuwa ni karaha ya mwili, jambo la kuvumiliwa kwa nguo nzito. Sivyo. Katika milima ile baridi hupenya kuta, huyagandisha maji mabombani, na maji yakiganda hutanuka hata yakalipasua bomba la shaba. Kisha barafu ikiyeyuka, maji humwagika sakafu baada ya sakafu mpaka nyumba isikalike tena. Sisi mwanzoni tulitumia mafuta, yaliyoletwa kwa lori na kutiwa katika tangi lililokuwa chini ya nyumba. Na mwaka wa 2008, pipa la mafuta ghafi lilipofika mwezi wa Julai bei ya dola 147, kila mwenye miti katika ardhi yake alianza kuzungumza habari za kuni, na duka la vyombo vya shamba likayapanga maboila ya nje kando ya barabara, ili mpita njia ayaone kabla hajaliona duka lenyewe.

Boila la kuni la nje, kwa wasiolijua, ni tanuri la chuma lililozungukwa na tangi la maji, likafunikwa mabati hata likawa mfano wa kibanda cha mlinzi, na juu yake ikatokeza dohani. Mwenye nyumba hulitia magogo asubuhi na jioni. Moto huyapasha maji yaliyouzunguka. Pampu huyasukuma maji hayo kwa mabomba yaliyofukiwa ardhini hadi ndani ya nyumba, yakatoa joto lake, yakarudi kupashwa tena. Majivu, masizi, wadudu wa kuni na cheche vyote hubaki nje, na nyumba hupata joto bila ya ulimi wa moto kuwaka ndani yake. Basi mtu hujiuliza, nami nilijiuliza, kwa nini kitu kilichoutoa moto nje ya nyumba kiwatie wasiwasi watu wa bima na kiwashughulishe watunga sheria.

Nusu ya jawabu niliipata bondeni. Chini ya kilima chetu palikuwa na boila la zamani, lililowekwa kabla jimbo halijatunga kanuni yoyote, na jirani wa karibu wa mwenye boila hilo alikuwa bibi mmoja mjane aliyekuwa akiishi peke yake. Katika asubuhi za baridi kali zisizo na upepo, moshi wa boila lile haukupanda juu. Ulitoka katika dohani fupi, ukainama, ukalala juu ya theluji, ukatambaa ukiwa na rangi ya kijivu iliyokaribia ubuluu hadi ukumbini kwa yule bibi. Nilipomtembelea kwa mara ya kwanza nilikuta amezibandika kingo za madirisha kwa utepe mpana, na chini ya mlango ameweka taulo lililokunjwa na kuloweshwa maji. Na juu ya hayo yote mapazia yake yalinuka moshi, na kikohozi chake kilikuwa kile kikavu cha mtu aliyekwisha kukizoea hata hajui tena kwamba anakohoa. Mezani alikuwa na daftari ambamo aliandika saa ulipoingia moshi na saa ulipotoka. Hakumchukia jirani yake. Alisema ni mtu mwema aliyemwondolea theluji njiani kwake mara nyingi. Alitaka tu kujua ni nani mwenye mamlaka ya kulisoma daftari lile.

Sababu ya moshi ule si uovu wa mtu wala si ubaya wa kuni peke yake, ingawa kuni mbichi huuzidisha. Boila lina kidhibiti cha joto: maji yakifikia kiasi kinachotakiwa, njia ya hewa hujifunga, moto hukosa pumzi, na magogo huendelea kufukuta bila ya kuwaka, yakitoa moshi mzito uliojaa lami na chembe ndogo mno ambazo pua na koo haziwezi kuzizuia zisifike mapafuni. Nyumba ikiwa haihitaji joto jingi, moto hufukuta zaidi. Kwa hiyo mtu anayeliwasha boila wakati wa kiangazi kwa ajili ya maji ya kuogea aghalabu huwatesa majirani zake kuliko anayeliwasha katika kilele cha baridi. Nayo hewa ya bondeni, usiku unapokuwa mtulivu, hutuama: baridi chini, vuguvugu juu, na moshi ukabanwa katikati. Malalamiko ya watu wa hali ya yule bibi ndiyo yaliyomfanya Mwanasheria Mkuu wa New York atoe mwaka wa 2005 taarifa maalumu juu ya maboila haya, na ndiyo yaliyolifanya jimbo la Connecticut litunge sheria yake mwaka uo huo. Vermont lilikuwa limekwisha kutangulia, tangu mwaka wa 1997.

Kanuni hiyo ya Vermont nilielezwa katika ofisi ya mji wetu, chumba kimoja kilichokuwa nyuma ya maktaba, na mzee aliyeshughulikia vibali vya ujenzi. Hakunipa fomu kwanza. Alitandaza ramani ya viwanja mezani, akazikandamiza pembe zake kwa vikombe vya kahawa, akatwaa bikari, akachora duara kuizunguka kila nyumba isiyokuwa yangu. Duara la kwanza lilikuwa la futi 200, yaani kama mita 61: ndani yake boila haliwekwi. Duara la pili lilikuwa la futi 500: ndani yake boila laweza kuwekwa, lakini ncha ya dohani sharti ipite kipeo cha paa la nyumba hiyo. Kisha akanijulisha kwamba tangu tarehe 31 Machi ya mwaka ule, 2008, boila jipya haliuzwi katika jimbo ila liwe la aina iliyopimwa moshi wake na kuthibitishwa. Niliitazama ramani, mimi niliyekuwa nikiwachorea watoto wa skuli maduara kila juma, nikaona ardhi niliyoiita yangu imekatwa vipande na nyumba za watu wengine, hata mahali palipobakia halali palikuwa ukanda mwembamba upande wa mashariki, baina ya banda na mti mkubwa wa mepo.

Wako walioniambia kwamba huo ni uonevu, kwamba mtu katika ardhi yake ni sultani. Mimi sikuweza kuliona jambo hilo kwa jicho lao, kwa kuwa nimelelewa katika mafunzo yanayoijua haki ya jirani. Mafakihi wetu wamekubaliana tangu kale kwamba haijuzu mtu kudhuru, wala kulipiza madhara kwa madhara; na dola la Uthmania lilipozikusanya hukumu za fiqhi katika Majalla, baina ya mwaka wa 1869 na 1876, moshi wa tanuri unaomfanya jirani ashindwe kukaa nyumbani kwake ulitajwa miongoni mwa madhara makubwa yanayopasa kuondolewa. Maduara ya yule mzee, aliyeyachora kwa bikari na kwa penseli iliyochongwa kwa kisu, yalikuwa yakisema jambo lile lile kwa futi.

Habari ya bima ilikuwa nzito zaidi kwangu. Ami yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akikaa Mji wa Kale wa Mombasa, nilipompigia simu nikamweleza kwamba benki haikopeshi fedha za nyumba ila nyumba iwe na bima, alinyamaza kidogo kisha akasema: "Mwanangu, utawalipa watu kila mwaka kwa janga lisilokuja, na likija watakulipa zaidi ya ulichowapa. Hilo na kamari vina tofauti gani?" Sikubishana naye, kwani shaka yake ni shaka ya wanavyuoni wakubwa, na ndiyo iliyozaa bima ya takaful ambayo tangu mwaka wa 2011 inapatikana Kenya. (Habari ya mkopo wenyewe ni mlango mwingine, sitauingia hapa.) Lakini nilimkumbusha desturi yetu: katika mitaa ya makuti nyumba ikiungua, watu huchanga, huyu boriti, huyu fedha, huyu siku ya kazi. Alikubali. Akasema, hata hivyo, kwamba mchango wa namna ile hutolewa na watu wanaokujua.

Maneno hayo ya mwisho yamenishughulisha miaka mingi, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo ami hakulikusudia. Kampuni ya bima, kwa kuwa haikujui, yataka ikujue. Na haiwezi kukujua ila kwa kuuliza na kukagua. Huko Philadelphia, mwaka wa 1752, Benjamin Franklin na wenzake waliunda umoja wa watu waliochangiana fedha kwa ajili ya nyumba zitakazoungua, umoja unaoitwa Philadelphia Contributionship ambao uko mpaka leo. Na tangu mwanzo ulipeleka wakaguzi kuitazama kila nyumba kabla ya kuipokea. Mwaka wa 1781 umoja huo ulikata shauri kutozipokea nyumba zenye miti mbele yake, kwa kuwa miti iliaminiwa kuzidisha hatari ya moto na kuwazuia wazima moto. Wenye miti hawakuikata. Mwaka wa 1784 waliunda kampuni yao wenyewe, wakakubali kulipa zaidi ili wabaki na vivuli vyao, na alama ya kampuni hiyo ikawa mti. Nilipokisoma kisa hicho nilifahamu kwamba swali la bima halijawahi kuwa moja tu, la ama kukubaliwa au kukataliwa. Ndani yake mna swali la pili, nalo ni la mtu aliye tayari kueleza wazi alicho nacho na kulipa kadiri ya hatari yake.

Kampuni iliyokuwa na bima ya nyumba yetu ilinijibu kwa upesi kwamba haipokei nyumba yenye boila la kuni la aina yoyote. Wakala wa bima wa mji wa pili, mtu mpole aliyekuwa na subira ya kuniandikia majibu kwa mkono wake, alinipatia kampuni nyingine, na fomu yake ilikuwa ndefu. Boila liko umbali gani na nyumba? Nani atakayeliunganisha? Lina bamba la maabara inayotambulikana? Je, tanuri la mafuta lililo chini ya nyumba litabakia na kufanya kazi, au boila ndilo litakalokuwa chanzo pekee cha joto? Kuni zitapangwa wapi? Majivu yatatiwa katika chombo gani? Sharti lao lilikuwa futi 50 kutoka nyumba na banda, pamoja na ada ndogo ya nyongeza kila mwaka, na ukaguzi.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa binti kijana mwenye viatu vya matope na utepe wa kupimia. Alipima, akapiga picha, akapiga magoti nyuma ya boila kulisoma lile bamba lililopigwa ribiti kwenye bati, lenye nambari, jina la maabara, na umbali ambao kitu kinachoweza kuungua hakitakiwi kuukaribia. Maabara za namna hii nazo ni mtoto wa bima: ile mashuhuri kuliko zote, Underwriters Laboratories, ilianza Chicago mwaka wa 1894, na waliotangulia kuigharimia ni watu wa bima za moto. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitazamia. Alikwangua theluji kwa ncha ya kiatu mbele ya mlango wa boila, akainama kutazama kilicho chini yake, akakuta majani makavu ya mepo. Akaniambia nimwage kokoto eneo lote lile, kwa sababu kila ufunguapo mlango kaa moja laweza kuruka, na theluji haitakuwapo mwezi wa Aprili. Nilimwaga kokoto.

Nilipomsindikiza garini ndipo nilipotambua kwamba katika muda wote aliokuwa pale hakuitazama hata mara moja nyumba ya jirani. Na mzee wa ofisi ya mji, kwa upande wake, hakuwa ameuliza neno juu ya nyumba yangu: nikitaka kulibandika boila kwenye ukuta wa chumba cha kulala watoto, kanuni yake isingalinizuia. Hati moja ilikuwa ikilisukuma boila mbali na nyumba yangu kuelekea mpakani. Hati ya pili ilikuwa ikilisukuma kutoka mpakani kuelekea nyumbani. Na kila mmoja wa watu wale wawili, waliokuwa waaminifu kabisa katika kazi yao, alikuwa na mtu wake mmoja wa kumlinda. Bima ilinilinda mimi na fedha zake. Kibali kilimlinda jirani. Mwenye kuwatazama wote wawili kwa wakati mmoja hakuwapo ila mwenye nyumba, anayekaa katikati ya hati zile mbili, na ambaye kwa kawaida ndiye anayezichukia zote.

Kabla ya boila kuwekwa nilikuwa nimekwenda kwa yule bibi wa bondeni, kwa kuwa lilibaki jambo moja ambalo hapana fomu iliyoliuliza, nikamwuliza upepo wa Januari huvuma kutoka wapi. Alinionyesha kwa kidole bila ya kufikiri: kutoka kaskazini magharibi mchana, na usiku unapotulia hewa huteremka yenyewe kufuata kijito. Kwa maneno yake tuliliweka boila mwisho wa ule ukanda, mbali na mkondo wa kijito, ijapokuwa mtaro wa mabomba ulizidi urefu na gharama. Na kwa kuwa nyumba iliyokuwa juu yetu mlimani ilikuwa ndani ya futi 500, dohani yetu ilirefushwa mpaka ikahitaji kushikizwa kwa nyaya.

Majira ya baridi ya mwaka ule yalikuja na mtihani. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Desemba 2008 mvua iliyoganda ilipogusa matawi iliiangusha miti ya Vermont ya kusini, New Hampshire, Massachusetts na sehemu za Maine na New York, na wateja zaidi ya milioni moja wakakosa umeme. Watu wengi hudhani mwenye kuni hamhitaji mtu. Boila letu lilikuwa limejaa magogo, moto ulikuwa hai, na joto halikufika nyumbani, kwa sababu pampu na feni ni vitu vya umeme. Na tanuri la mafuta, ambalo kampuni ya bima ilitaka libakie kwa akiba, nalo ni la umeme vile vile. Niliutoa mkataba wa bima katika mkoba, nikausoma kwa kurunzi. Ulisema, kwa lugha iliyo katika mikataba mingi ya nyumba za Marekani, kwamba hasara ya mabomba kupasuka kwa baridi italipwa ikiwa mwenye nyumba amechukua uangalifu unaostahiki kuidumisha nyumba katika joto, au amefunga maji na kuyamwaga yaliyomo mabombani. La kwanza lilikuwa nje ya uwezo wetu. Tulilifanya la pili: tukafunga valvu kuu, tukafungua kila mfereji kuanzia ghorofa ya juu mpaka chini, na yale maji yaliyozunguka baina ya boila na nyumba tuliyaacha, kwa kuwa yalikuwa yametiwa dawa ya kuzuia kuganda. Kisha tukawachukua watoto, tukaenda kwa bibi wa bondeni, aliyekuwa na jiko la chuma la kizamani katikati ya sebule, lisilojua umeme ni kitu gani. Alitupokea kwa siku zote zile za giza. Mwenye boila la zamani naye alikuwapo; pampu yake pia ilikuwa imezimika.

Sikuwahi tena kuyasoma masharti ya bima kwa jicho la mtu anayetafuta mahali alipotegewa. Sharti lile lilikuwa limeandikwa na watu waliokwisha kuona nyumba nyingi zimeharibika kwa namna moja.

Upande wa pili wa mambo niliuona kwa mtu wa kijiji cha pili. Yeye alilinunua boila kuukuu kwa bei ndogo, akaliunganisha mwenyewe kwa ustadi, kwani alikuwa fundi hodari, wala hakumwambia mtu: si mji, si kampuni ya bima. Alizipanga kuni zake zote baina ya boila na ukuta wa nyumba, ili asitembee mbali thelujini. Majivu aliyatia katika sanduku la mbao. Kaa lililofunikwa majivu laweza kukaa hai siku kadhaa, na usiku mmoja wa upepo lilifufuka. Sanduku likawaka, kuni zikawaka, ukuta ukawaka. Watu walitoka salama, alhamdulillahi. Kampuni ya bima ilipeleka mchunguzi, na hoja yake haikuwa kwamba moto ulisababishwa na uzembe, maana bima hulipa mioto mingi ya uzembe. Hoja yake ilikuwa kwamba jambo la msingi lilifichwa, na kwamba lau lingejulikana, nyumba ile isingalipokewa kabisa au ingalipokewa kwa masharti mengine. Alishindana nao kwa mawakili muda mrefu, akaishia kukubali sehemu ndogo ya thamani ya nyumba. Nilimsikia akisema katika duka la vyombo kwamba walimwadhibu kwa kunyamaza. Nilimwonea huruma kwa dhati, na bado naamini maneno yake yalikuwa kweli tupu: mkataba wa bima ni mkataba wa amana, na ukimya ndani yake huhesabiwa kuwa kauli.

Kwa ajili hiyo nimemwandikia mpwa wangu asimjibu mtu kwa hasira, bali aandike mara moja, kwa maandishi yanayobaki, kwamba boila lipo na kwamba alilikuta. Aende katika ofisi ya mji wake atake jalada la nyumba, aone kama kibali kilitolewa na mwaka gani, kwa sababu New York liliweka kanuni yake mwaka wa 2011: boila jipya la nyumba sharti liwe futi 100 kutoka mpaka wa kiwanja, na dohani isipungue futi 18 kutoka ardhini, nayo yaliyotangulia kanuni hiyo yamekatazwa kuchoma takataka na mbao zilizotiwa dawa, na kutoa moshi wa kuwadhuru watu. Apime pande zote mbili, kuelekea nyumba yake na kuelekea kwa jirani, avipeleke vipimo vyote viwili hata kama ameulizwa kimoja. Alitafute bamba. Asipoliona, asiwashe.

Na tena nimemweleza kwamba huenda boila lake halivunji sheria hata moja, na kampuni ikalikataa vile vile. Ndivyo lilivyoondoka boila la bondeni. Kanuni ya mwaka wa 1997 haikuligusa, kwa kuwa lilikuwapo kabla yake. Amri ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka wa 2015, iliyoweka mpaka wa moshi na kuukaza mwezi wa Mei 2020 hadi sehemu ya kumi ya ratili kwa kila Btu milioni za joto linalotolewa, inahusu mitambo mipya peke yake. Daftari la yule bibi lilijaa, likafuatwa na la pili, na hapana ofisi iliyokuwa na uwezo wa kulitumia. Siku moja mwenye boila alibadilisha kampuni ya bima ili apunguziwe ada. Kampuni mpya ikauliza, yeye akajibu kweli, nayo ikamwambia itaipokea nyumba bila ya kibanda kile. Kiangazi kilichofuata alikivunja kibanda, na chuma chake kikachukuliwa na lori.

Kibali hutolewa mara moja, kisha hulala katika kabati la mji. Bima hufanywa upya kila mwaka, na kila mwaka kuna mtu mwenye haki ya kuuliza na mtu mwenye wajibu wa kujibu. Nimeona kwa macho yangu kwamba swali lililoulizwa kwa ajili ya kuulinda mfuko wa kampuni liliyafungua madirisha ya mwanamke mzee ambaye kampuni hiyo haikumjua. Basi sioni kwa nini fomu ile ile ya kila mwaka isiwe na mistari miwili zaidi, mmoja wa kutaja umbali wa nyumba ya jirani iliyo karibu zaidi, na mmoja wa kutaja urefu wa dohani. Wala sioni kwa nini mji usiandike boila la kuni katika jalada la nyumba namna unavyoandika kisima na shimo la maji machafu, ili anayeinunua nyumba hiyo alisome kabla hajatia saini.